Kosiya na Chumvi ya Hori

Watu wa Bwera, huku mpakani mwa Uganda na Kongo, wanamsema ndugu yangu Kosiya kila mmoja kwa namna yake. Kuna wanaosema aliua ng'ombe wa watu, na kuna wanaosema aliokoa machinjio. Mimi Musoki ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na siku zile zote nilikuwa nimekaa pale langoni pa machinjio ninapouza chai na muhogo. Anayetaka kujua asikie kwangu, asiende kuuliza vibandani.

Kosiya ni mtu mfupi, mkavu, miguu imepinda kidogo. Mke wake alipofariki hakuoa tena. Shule aliiacha mapema kwa sababu baba alikuwa na ng'ombe na hakukuwa na mwingine wa kumchunga. Sisi Bakonzo wa huku ni watu wa mlima, wa kahawa na muhogo na mbuzi. Ng'ombe kwetu alikuwa mmoja tu, na alikuwa kama mtu wa nyumbani. Asubuhi alilamba chumvi ya ziwa la Katwe kwenye kiganja cha Kosiya, halafu wanateremka wote wawili mpaka mto Lhubiriha, anakunywa mpaka tumbo linakuwa kama ngoma. Chumvi, halafu mto. Ndivyo Kosiya alivyojifunza ng'ombe, na hakuna aliyemfundisha vingine.

Alipokuwa mtu mzima akapata kazi machinjioni hapa Bwera. Kisu hakushika hata siku moja. Anayechinja ni shekhe, wanaochuna ni vijana. Kosiya alikuwa wa kupokea. Lori likifika, yeye ndiye anayeshusha ng'ombe, anawaweka zizini, anawapa maji, wanapumzika. Daktari akishawaangalia mmoja mmoja na kuwakubali, yeye ndiye anayewapeleka mlangoni. Wenzake wa zamani walitumia fimbo yenye msumari. Walivunja mikia, walitia pilipili machoni ili ng'ombe aliyelala ainuke. Msinikasirikie, nasema nilichoona. Kosiya alitangulia mbele, mkono ameunyoosha nyuma, kiganjani chumvi kidogo, anaongea Lhukonzo polepole, na ng'ombe anamfuata akimlamba vidole mpaka anaingia.

Fred alikuwa akimcheka. Fred ni mchuuzi wa nyama, na ng'ombe wengi wa pale ni wake.

"Kosiya, huyo unamwambia nini? Unamuungamisha kama padri?"

"Namwambia wewe ndiye mwenyewe," Kosiya anajibu. "Unaona anavyotafuta kukimbia?"

Halafu akaja daktari mpya wa mifugo, Adong, mwanamke wa kaskazini. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini, kinakata kama panga. Siku yake ya kwanza alikusanya fimbo zote za machinjioni akazitia motoni chini ya sufuria yangu, wala hakuniomba ruhusa.

"Ng'ombe hapigwi," akasema. "Ng'ombe haburutwi. Amechoka, anapumzika. Hajanywa maji, hachinjwi. Mimi nikiona kinyume, nafunga hapa. Nani hajasikia?"

Wote walikuwa wamesikia. Akasimama pembeni akamtazama Kosiya akishusha ng'ombe, akasema mbele ya watu, "Fanyeni kama huyu mzee." Jioni ile Kosiya alikula sahani mbili za bundu, ugali wetu wa muhogo, na akaanza kupiga pasi shati la kazi.

Sasa lori. Ilikuwa kiangazi. Lori limetoka upande wa Kasese limejaa ng'ombe wa Fred, likaharibika Kikorongo pale njia panda. Dereva akaenda kutafuta fundi, ng'ombe wakabaki juu, juani, mpaka kesho yake. Hakuna aliyewashusha, kwa sababu pale ni mlangoni mwa hifadhi na dereva alimwogopa simba kuliko alivyomwogopa Mungu. Walipofika Bwera ndimi zilikuwa nje. Na hapa kwetu pampu ilikuwa imekufa. Tangi lilikuwa limebaki na maji ya tope chini kabisa. Kosiya akawagawia hayo, kila mmoja akapata mafunda machache, yakaisha.

Mto uko pale bondeni, na ng'ombe wanausikia. Lakini kuwateremsha kumekatazwa, kwa sababu watu wa huku na watu wa ng'ambo, Kongo, wote wanachota pale. Basi wakalia. Ng'ombe mwenye kiu analia kama mlango mbovu, na walikuwa zizi zima.

Kosiya hakuweza kuvumilia. Alikuwa na gunia la chumvi ya Katwe, ile ya mawe, nyeusinyeusi, ya mifugo. Kwa kawaida alichota ya kiganjani tu. Siku ile alimimina gunia lote kwenye hori. Aliona watalamba, watatulia, na asubuhi fundi wa pampu akija watakunywa, kama ng'ombe wa baba alivyokunywa. Nani hapa Bwera hajampa ng'ombe chumvi kumbembeleza? Na kweli walitulia. Akapita kwangu nikiwa nakunja meza.

"Dada, wamenyamaza."

"Wewe na hao ng'ombe wako. Nenda ukalale."

Akaenda, roho nyeupe.

Asubuhi fundi hakuonekana. Nilikuwa napuliza moto nikamsikia Kahambu ananiita. Kahambu ni mwanamke wa Beni, Kongo, alikimbia vita na vitu vyake ndani ya kitenge kimoja, na pale machinjioni anaosha matumbo.

"Mama Musoki, kuya uone. Bangombe beko banalewa."

Nikaenda kwenye ua kuona hao ng'ombe waliolewa. Ng'ombe mwekundu alikuwa amesukuma kichwa ukutani kama anataka kuutoboa. Mwingine anazunguka, macho wazi lakini haoni. Aligonga nguzo, akarudi nyuma, akaigonga tena. Mmoja alikuwa chini, miguu inakimbia hewani, povu mdomoni. Katikati yao Kosiya amesimama, mikono inaning'inia.

Adong alifika, akatazama kidogo tu kupitia mbao.

"Mzee, toka. Toka sasa. Nawa mikono. Nawa tena."

Akafunga lango kwa mnyororo, akamweka polisi. Tukamsikia kwenye simu, na neno moja wote tulilishika: kimeta. Kimeta tunakijua sisi tunaokaa karibu na hifadhi. Kinaua kiboko, kinaua ng'ombe, na anayekula nyama yake anavimba vidonda vyeusi. "Au kichaa," akasema pia kwenye simu. "Sijui bado. Sitaki mtu aguse."

Yule wa chini akafa kabla chai yangu haijachemka. Adong akachukua damu kidogo sikioni mwake, akaifunga kama anafunga bomu, akaipeleka na pikipiki ikapimwe. Halafu akatugeukia sisi tuliosimama langoni.

"Majibu yakisema kimeta, wote hawa wanapigwa risasi, wanafukiwa na chokaa. Machinjio inafungwa. Hakuna nyama kuuzwa, hakuna nyama kuvuka mpaka. Na kama wanaendelea kufa kabla ya majibu, mimi singoji majibu. Mmenielewa?"

"Daktari, ni safari," Fred akasema. "Ni jua la Kikorongo. Ng'ombe wangu nawajua."

"Wewe unajua nyama. Nyamaza."

Watu wakakaa chini hapo hapo. Wachunaji wakakaa. Gracien wa Butembo, anayebeba nyama kwa baiskeli mpaka Kasindi, upande wa Kongo, akaegemeza baiskeli yake kwenye meza yangu bila hata kunisalimia. "Kule banangoja," akasema. "Nitabaambia nini?" Kahambu alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa. "Nilikimbia Beni," akaniambia. "Sasa nikimbilie wapi tena, mama?" Nikampa chai.

Ikafika saa ya jua kali, fundi wa pampu akaja na mfuko wake wa spana. Polisi akamrudisha. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Nilimwona Kosiya anamtazama yule fundi akiondoka, na uso wake ukawa kama majivu. Akaja nyuma ya kibanda changu, akachuchumaa.

"Dada, hori imelambwa mpaka mbao inang'aa."

"Hori gani?"

"Niliwawekea chumvi. Gunia zima. Na maji hakuna." Akanyoosha kidole kwenye zizi. "Si kimeta. Ni mimi."

Sasa wanaonisema waniseme kwa hili, sijali. Nilimshika ukosi wa shati nikamwambia anyamaze. Nilimwambia, umesikia daktari amekusifu mbele ya watu? Ukifungua mdomo, Fred atakula shamba la baba. Polisi yuko pale, amechoka kukaa bure, atafurahi kupata mtu wa kubeba. Nani alikuona? Hori ni tupu. Acha kimeta kibebe mzigo, kimeta hakina ndugu.

"Na hao ndani?"

"Ni ng'ombe, Kosiya. Walikuja kufa."

"Walikuja kuchinjwa," akasema. "Haikuwa hivi."

Akasimama. Nilimvuta shati, likachomoka kwenye suruali, akaenda hivyo hivyo shati nje mpaka kwa daktari. Nikamfuata, kwa sababu mtu wa kwetu hasimami peke yake hata akiwa mjinga.

Adong alimsikiliza bila kupepesa macho. Halafu akauliza, "Fred amekutuma?"

"Hapana, daktari."

"Mwenye ng'ombe anataka niseme si ugonjwa. Mara mfanyakazi anakuja na hadithi ya chumvi. Hiyo chumvi iko wapi?"

"Wamekula."

"Gunia?"

"Niliacha kwenye hori. Gunia pia wamekula."

Polisi akacheka. Adong hakucheka. Aliinama akachungulia kati ya mbao, akakaa hivyo muda, akimtazama yule anayegonga nguzo.

"Inaweza kuwa," akasema. "Chumvi bila maji inapanda kichwani, ng'ombe anapofuka, anaanguka. Inaweza kuwa. Na kimeta pia inaweza kuwa. Nikikuamini halafu umekosea, mzee, watu watakula na watakufa."

"Basi tusiwachinje. Wapewe maji tu. Mimi nitajaza hori, nimwage mpaka juu."

"Ukijaza hori utawaua wote leo." Akamgeukia. "Chumvi ikishaingia kichwani, maji mengi kwa mara moja ni sumu. Ni kopo moja kwa kila mmoja, unangoja, halafu kopo lingine. Kutwa nzima, na kesho. Nani ataingia kufanya hiyo? Anayeingia hatoki mpaka majibu yaje. Na majibu yakiwa mabaya..."

Kosiya alikuwa ameshaanza kukunja suruali.

Wakamletea mabuti, glavu na kitambaa cha mdomo. Wakajaza jerikeni za maji kutoka kwenye nyumba za jirani, zikapita juu ya mbao. Mnyororo ukafunguliwa, ukafungwa nyuma yake. Nilimwita mjinga mbele ya polisi, nikasema hata baba aliujua ujinga wake. Ilikuwa lazima niseme kitu.

Sasa fikirini. Ng'ombe wenye kiu ya siku hizo zote, na mtu mfupi ameshika kopo. Wale waliokuwa bado wanaona walimjia wote pamoja. Adong yuko juu ya jiwe, anatazama saa, anapiga amri: "Yule mweusi, kopo moja. Basi. Basi, nimesema. Ondoa." Na Kosiya anaondoa kopo mdomoni mwa ng'ombe ambaye hajashiba. Walimsukuma, wakambana ukutani, nikasikia mbavu zake zinapiga ubao. Ng'ombe mmoja mwenye pembe fupi akaitia pua ndani ya jerikeni iliyokatwa mdomo, akaanza kunywa. Adong akapiga kelele amtoe. Kosiya akamvuta, akashindwa. Akamwita kwa Lhukonzo, akashindwa. Halafu nikamwona ndugu yangu anainua kopo anampiga ng'ombe puani, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu zake zote.

Hata Fred aliangalia pembeni. Ng'ombe akarudi nyuma. Kosiya akabaki amesimama, kopo limekunjika mkononi, na kile kitambaa cha mdomo kimelowa.

"Endelea," Adong akamwambia, na sauti ilikuwa ya chini. "Anayefuata ni yule aliyelala."

Aliendelea. Chakula nilimpitishia chini ya lango juu ya jani la mgomba, na alikila kwa mkono wa kushoto huku mwingine unamwagia maji mdomoni ng'ombe aliyeanguka. Jua lilipoanza kushuka, yule mwekundu wa ukutani akapiga magoti, akalala ubavu, akafa. Kahambu akaanza rozari. Mimi nilitazama mkono wa Adong tu, maana alikuwa amesema hatangoja. Alitoa simu mfukoni. Aliitazama. Kidole chake kilikuwa juu yake.

"Daktari," Kosiya akasema kutoka ndani, wala hakupaza sauti. "Huyu wa nguzo ananitazama."

"Anakutazama vipi?"

"Asubuhi hakuwa anaona."

"Pitisha mkono mbele ya jicho. Usimguse."

Kosiya akapitisha. Ng'ombe akafumba jicho. Akapitisha tena, akafumba tena, na safari hii akageuza na kichwa kufuata mkono. Adong alikaa na ile simu muda mrefu sana kwa roho yangu. Halafu akairudisha mfukoni.

"Kopo lingine," akasema. "Nusu."

Usiku ule sikulala, na sitasema nilichomwambia Mungu, ni yetu wawili. Kesho yake wengine walisimama wenyewe. Mmoja zaidi alikufa, yule wa kunywa jerikeni, na Kosiya alikaa karibu naye mpaka mwisho ingawa walimwambia asogee. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya ndugu yangu tu, kama vina kidonda. Kila alipojikuna nilisimama.

Majibu yalikuja alasiri. Adong alisikiliza simu, akasema "ndiyo, ndiyo," akaikata, na kabla ya kutuambia alikwenda kwanza kufungua mnyororo kwa mkono wake.

"Si kimeta," akasema. "Wala si kichaa, ng'ombe wa kichaa hasimami tena."

Gracien akapiga kengele ya baiskeli. Kahambu akanikumbatia akanimwagia chai. Kosiya akatoka ananuka kama zizi, mbavu ameshika kwa mkono, akasimama mbele ya daktari kama anayengoja kupimwa na yeye.

"Mzee," Adong akamwambia, "ulisema mwenyewe, na mimi nimeripoti ulivyosema. Watatu wamekufa. Mtu aliyelisha gunia la chumvi bila maji hawezi kupokea ng'ombe hapa tena. Hiyo ni sheria, mimi siipindishi."

"Ndiyo, daktari."

"Na bila wewe ningewapiga risasi wote. Hiyo pia nimesema."

"Ndiyo, daktari."

Nilimwambia yule mwanamke kwamba alikuja hapa akachoma kuni nisizomwomba, na sasa anamchoma na ndugu yangu. Akaniambia, "Mama, una haki kukasirika." Hilo nalo lilinikasirisha. Mpaka leo namuuzia chai kama kawaida, lakini wa kwanza kusalimia si mimi.

Waliobaki walipumzishwa, wakanywa mpaka wakakataa maji, daktari akawakagua tena, akawakubali. Wakachinjwa, nyama ikapigwa muhuri, ikaliwa Bwera na Kasindi. Kosiya hakuwepo. Alikuwa shambani kwetu anapalilia muhogo, na ndiyo kazi yake sasa. Fred alikuja mara moja kuuliza habari ya wale watatu, nikamwonyesha njia aliyojia. Machinjio iko wazi, pampu imetengenezwa, na kuna kijana mwingine anapokea. Simsemi vibaya. Hana fimbo.

Mimi bado nasema angenyamaza. Nimemwambia hivyo mbele ya kanisa zima, na yeye anatabasamu tu, ananipa mkono wa amani. Lakini jioni nikirudi kutoka langoni, kabla hajagusa chakula, ananiuliza neno moja: tangi lina maji? Nikimwambia lina, ananawa, anakula. Juzi sikuwa nimeangalia, nilikuwa na haraka na mvua, nikasema lina. Kosiya alinitazama. Akaifunika bundu na sahani, akachukua koti, akateremka Bwera, machinjioni, kuangalia tangi mwenyewe.